Saa janja na "inua mkono kioo kiwake": chaji inaliwa wapi hasa?

Waya Mwekundu

Wakuu salaam.

Kila mara humu anatokea mtu analalamika kwamba saa yake janja haifikishi siku ya pili, na jibu analopewa ni lilelile: zima hiyo ya kuinua mkono, sensa inakula chaji. Leo nataka tulichambue jibu hilo, kwa sababu linawanyima watu kitu kizuri na chaji yenyewe hairudi kama walivyoahidiwa. Sensa ya mwendo inakula chembe tu. Walaji ni wawili: kioo kinachowaka wakati hakuna anayekitazama, na prosesa (chipu inayoendesha programu ya saa) inayoamshwa kwa kazi ambayo sensa ingeimaliza peke yake.

Tuanze na sensa. Sensa hiyo ya mwendo inaitwa akselerometa, ni chipu ya milimita 2 kwa 2 hivi. Ndani yake kuna kipande cha silikoni kilichoshikwa na springi za silikoni hiyohiyo. Saa ikisogezwa, kipande kinachelewa kidogo kufuata, pengo kati yake na kuta linabadilika, na badiliko hilo ndilo linalosomwa kwa umeme. Inapima mihimili mitatu: X, Y na Z. Sasa ukiiacha saa mezani imetulia tuli, usidhani inasoma sifuri. Inasoma g 1, yaani mvutano wa dunia, na mvutano siku zote unaelekea chini. Saa ikishajua chini ni wapi, inajua mkono wako umekaaje, bila kamera wala nini.

Mkono ukining'inia ubavuni, karibu g yote inaangukia mhimili unaofuata mkono, kutoka kiwiko kwenda vidole. Ukiunyanyua kutazama saa, g inahamia mhimili unaochomoza kutoka kwenye kioo, na kidogo ule wa namba 12 kwenda namba 6, kwa sababu hakuna anayetazama saa ikiwa imelala sawa kabisa. Tunaiinamisha kuelekea usoni. Programu inasubiri g ihame hivyo, ihame ndani ya muda mfupi, kisha mkono utulie. Ubora wa saa moja na nyingine hapa unategemea zaidi vizingiti vilivyowekwa, yaani mipaka ya mwendo unaohesabika, kuliko chipu yenyewe. Ukilegeza vizingiti, kioo kinawaka ukijikuna. Ukivikaza, unanyanyua mkono mara tatu ndipo saa ikuelewe.

Wala wazo hili si la juzi. Waliowahi kuwa na Casio za G-Shock au Baby-G zenye taa ya kujiwasha wanalijua. Vitabu vyake vya maelekezo vinasema weka saa sambamba na ardhi, kisha iinamishe kuelekea kwako zaidi ya nyuzi 40 hivi, taa itawaka. Vinasema pia ukiitikisa utasikia mlio hafifu ndani, usihofu, ni swichi yenyewe inacheza. Na vinaonya: usivae saa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, taa itawaka hovyo na betri itaisha mapema. Malalamiko ya leo humu jukwaani yalishaandikwa kwenye karatasi ya Casio.

Tupige hesabu sasa, maana bila namba tutabishana mpaka asubuhi.

Chukua sensa ya Bosch BMA423, ambayo iko kwenye saa kadhaa za watu wanaopenda kujiandikia programu. Kwenye hali yake ya kubana matumizi inavuta mikroampea 14 hivi. Zidisha kwa saa 24, unapata mAh 0.34 (miliampea-saa, kipimo cha chaji) kwa siku. Kwenye betri ya mAh 180 hiyo haifiki asilimia 0.2. Kuna nyingine, ADXL362 ya Analog Devices, ambayo ikiwa inasubiri mtikisiko tu inavuta nanoampea 270. Hiyo hata kuihesabu ni kupoteza muda.

Kioo je? Tuseme kikiwaka saa inavuta miliampea 30. Ni namba ya mfano, ya kwako inaweza kuwa juu au chini. Unatazama saa mara 80 kwa siku, na kila mara kioo kinakaa sekunde 5. Jumla ni sekunde 400, mAh 3.3. Hakuna tatizo. Sasa weka muda wa kioo sekunde 15, na juu ya zile mara 80 ongeza 200 ambazo kimewaka chenyewe ukiwa unafua, unakanda unga au umeshika bomba la daladala. Inakuwa sekunde 4,200, saa nzima na dakika 10. Hiyo ni mAh 35, karibu moja ya tano ya betri, na hakuna hata sekunde moja ya ziada uliyoitazama.

Mlaji wa pili ni prosesa. Kuna saa ambazo programu yake inakwenda kuiuliza sensa mara 10 kwa sekunde, mchana na usiku: amenyanyua? amenyanyua? Chipu ya Nordic nRF52832 ikilala inavuta mikroampea 2 hivi. Ikichapa kazi kwa megahezi zake 64 inafika miliampea 3 na ushee. Ikiamka mara 10 kwa sekunde na kila mara ikatumia milisekunde 5, hiyo ni asilimia 5 ya muda wote, karibu mAh 4 kwa siku kabla kioo hakijawaka hata mara moja. Linganisha na ile 0.34 ya sensa yenyewe. Mwenye nyumba hana haja ya kuamka kila dakika kumuuliza mlinzi kama kuna mgeni. Mlinzi atagonga mgeni akija. Na sensa za siku hizi zinajua kugonga: zina pini maalumu ambayo volti yake inabadilika pale tu mkono uliponyanyuliwa au saa ilipoguswa mara mbili. Kabla ya hapo prosesa imelala fofofo.

La mwisho, ambalo naona halizungumzwi kabisa. Watu wanahangaika na kuwasha, ilhali chaji nyingi inaokolewa kwenye kuzima. Kusoma saa kunachukua sekunde 2. Kama muda wa kioo ni sekunde 10, zile 8 zinazobaki zinaangaza suruali yako. Sensa ileile inaweza kuona mkono umeshuka na kuzima kioo papo hapo. InfiniTime, programu huria ya saa ya PineTime, ina chaguo hilo kwenye mipangilio, kando ya kuinua na kutikisa. Kama saa yako inalo, liwashe leo. Kama haina, punguza muda wa kioo mpaka ule mfupi kabisa unaoruhusiwa.

Karibuni, wenye saa za aina nyingine mtuambie.

Kahawa Chungu

Nimeweka kambi hapa.

Mtoto wa Tandale

Mkuu Waya, mimi shida yangu ni ya kinyume. Saa ya elfu 35 ya Kariakoo. Nanyanyua mkono, haiwaki. Nanyanyua tena, kimya. Nikiuzungusha kwa hasira ndipo inawaka, na nimeshasahau nilitaka kuona nini. Chaji lakini inakaa wiki nzima. Je, sensa ni mbovu?

Waya Mwekundu

Hapana, si lazima iwe mbovu. Mtengenezaji wa saa ya bei hiyo anaweza kuamua sensa isome mara chache kwa sekunde, na programu idai mkono utulie muda mrefu zaidi kabla ya kuwasha. Ndipo hiyo wiki yako inapopatikana. Jaribu hivi: nyanyua kwa mwendo mmoja, geuza kifundo, halafu tulia kabisa kwa nusu sekunde. Ukinyanyua huku unatembea haraka, hatua zako zinaingia kwenye vipimo na saa inaona mkono haujatulia.

Kingine, fungua programu ya saa kwenye simu uangalie umeiambia unavaa mkono gani. Ukivaa kulia wakati saa inaamini ni kushoto, mhimili mmoja unasomeka kinyume na ishara nzima inapotea.

Mtoto wa Tandale

Aisee, ilikuwa imeandikwa kushoto. Mimi navaa kulia. Imewaka.

Volti Kumi

Uzi mzuri, ila kichwa cha hoja kinahitaji nyundo kidogo. "Sensa inakula chembe tu" ni kweli kwa akselerometa peke yake. Saa nyingi zina na jairoskopu kwenye chipu hiyohiyo, na jairoskopu ni mnyama mwingine: lazima itetemeshe kipande cha ndani muda wote ili ipime mzunguko, na kutetemesha kunataka umeme. LSM6DSO ya STMicroelectronics, ambayo inasifiwa kwa ubanifu, ikiwasha vyote viwili kwenye ubora wa juu inavuta miliampea 0.55. Mara 24 ni mAh 13. Hiyo siyo chembe. Na vijana wanaojitengenezea saa kwa sensa ya MPU-6050 ndiyo kabisa, ile inakaribia miliampea 4 vyote vikiwa vimewashwa. Betri ya mAh 180 inakwisha chini ya siku mbili kabla hata ya kufunga kioo.

Waya Mwekundu

Hapo hatupishani, Volti. Ndiyo sababu nilitaja akselerometa kwa jina. Kwa kujua mkono umenyanyuliwa, jairoskopu haihitajiki kabisa, mvutano wa dunia unatosha. Iachwe imelala mpaka mtu aanze mazoezi ya kuogelea au afungue kitu kinachohitaji kujua mzunguko. Anayetumia MPU-6050 kwenye saa ya betri namshauri aiweke kwenye droo.

Volti Kumi

Droo ya mbali.

Boda wa Goba

Wakubwa, mimi naendesha boda. Usiku barabara ya vumbi saa inawaka, inazima, inawaka, inazima, mpaka abiria akaniuliza kama napigiwa simu. Saa yenyewe si ya bei chee. Nifanyeje?

Waya Mwekundu

Pole kiongozi. Ukishika usukani wa pikipiki, mkono wako uko karibu kabisa na ule mkao wa kutazama saa: kiwiko kimekunjwa, kioo kimeelekea juu. Umeshakaa mlangoni, kila shimo linakusukuma ndani. Hakuna kizingiti kitakachotenganisha shimo la Goba na mkono unaonyanyuliwa, kwa sababu kwa sensa vinafanana.

Zima kuinua mkono ukiwa kazini, bakiza kugusa au kitufe. Saa nyingi zina hali ya kutosumbuliwa au hali ya sinema unayoifikia kwa kutelezesha kidole mara moja. Ukiwasha ya sinema kioo hakiwaki kwa mwendo, na kwenye baadhi ya saa hata ya kutosumbuliwa inafanya hivyo. Hata wale Casio walionya watu wa pikipiki, na kwao hoja ilikuwa macho yatoke kwenye saa yarudi barabarani. Chaji ni faida ya pili tu hapo.

Mwana wa Kibokoni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Mombasa. Mie hili lanisumbua msikitini, hasa wakati wa tarawehe taa zikipunguzwa. Ukifunga mikono kifuani, saa yawaka. Ukiinuka kutoka rukuu, yawaka. Kaka aliye ubavuni huona mwangaza wangu rakaa baada ya rakaa. Nimejaribu kupunguza mwangaza tu, lakini bado. Mwaonaje?

Waya Mwekundu

Wa alaykum salaam. Kufunga mikono kifuani ndio mkao wenyewe unaotafutwa na saa: mkono wa kushoto umekunjwa, kioo kimeinamia juu, na umetulia. Umetimiza masharti yote. Kupunguza mwangaza hakutasaidia. Hali ya sinema ndiyo dawa, na baadhi ya saa zinakuruhusu kuiwekea ratiba ijiwashe saa za swala na kujizima baadaye. Ukiwa na Apple Watch iko kwenye Control Center, paneli inayofunguka ukibonyeza kitufe cha pembeni (programu za zamani ulitelezesha kidole kutoka chini), alama ya vinyago viwili.

Mwana wa Kibokoni

Shukran. Vinyago nimeviona siku zote nikidhani ni vya mchezo.

Nesi wa Zamu

Naomba na mimi nisaidiwe. Mimi navaa saa ndani ya mkono, kioo kiko upande wa kiganja. Kazini ndivyo tulivyozoea, ukimshika mgonjwa mkono kuhesabu mapigo unaona saa bila kugeuza. Kumbe ndiyo maana inaisha saa nane mchana?

Waya Mwekundu

Dada, inawezekana sana. Ukivaa ndani, mikono ikiwa imelegea mapajani au umebeba trei, kioo kinaelekea juu bila wewe kutaka. Na ukigeuza kutazama, mzunguko unakwenda upande ambao programu haikuutegemea. Kwa hiyo inawaka usipotaka na inagoma unapotaka. Mipangilio ya mkono wa kulia na kushoto haitatui hili kwa saa nyingi, maana hawakumfikiria anayevaa ndani.

Kwako ningesema zima kuinua kabisa, tumia kugusa mara mbili. Kwenye saa nzuri kugusa mara mbili kunasomwa na akselerometa hiyohiyo: pigo mbili fupi zinaonekana kama ncha mbili kali, na sensa inazitambua yenyewe, kioo na tabaka lake la mguso vikiwa vimelala. Nafuu kwa chaji, na hata ukivaa glavu inafanya kazi.

Msimbo Tu

Niongezee kwa dada Nesi na kwa wanaopenda kuchezea. Mimi natumia Bangle.js 2, ile ya mradi wa Espruino. Humo haya yote yako wazi, unayabadilisha kwa mstari mmoja wa JavaScript. Kuna `twistThreshold`, kiasi cha mzunguko kinachohesabika kuwa ni ishara. Kiwandani imewekwa 800. Ukiweka namba hasi, saa inasikiliza mzunguko wa upande wa pili. Kwa anayevaa kinyume na watu wengine hiyo ni dawa kabisa. Kuna `twistMaxY` inayodai kioo kiwe kimeelekea upande sahihi, na `wakeOnFaceUp` inayowasha kila kioo kikielekea juu. Hiyo ya mwisho mimi nimezima, inawaka hata nikiegemea meza.

Ila kilichonipendeza zaidi ni tabia yake ya kupunguza kusoma sensa. Kawaida inasoma kila milisekunde 80. Saa ikikaa dakika moja bila kusogezwa, inashuka mpaka kila milisekunde 800. Ukiivua na kuiweka mezani, inajua haina haja ya kukodoa macho.

Na kioo chake ni cha aina nyingine, kinaonyesha muda saa zote kwa umeme mdogo mno, juani kinasomeka bila taa. Kuzungusha mkono kunawasha taa tu, basi. Ndiyo maana watengenezaji wanazungumzia wiki badala ya siku. Pebble ya 2013 ilikuwa hivyohivyo: muda unaonekana daima, ukitikisa mkono taa inawaka, na chaji ilihesabiwa kwa siku tano mpaka saba.

Jirani wa Ngara

Hapo ndipo mimi nauliza. Kama kioo kinaweza kukaa kimewaka siku nzima, hii mambo ya kuinua mkono ya nini? Mimi niko na saa ya AMOLED, iko na ile ya kuonyesha saa daima. Nikiiwasha battery inaenda nusu. Nikiizima narudi kwa kuinua mkono. Si watu wa Apple walitatua hii kitambo?

Volti Kumi

Walitatua kwa njia yao. Apple Watch Series 5 ya 2019 ilikuja na kioo cha OLED kinachoweza kushusha kujichora upya kutoka mara 60 kwa sekunde mpaka mara 1. Ukishusha mkono, kioo hakizimi. Kinafifia, sehemu kubwa inakuwa nyeusi, na kinajichora mara moja kwa sekunde. Ukinyanyua, kinarudi kamili. Wakaahidi saa 18 zilezile za Series 4 ambayo haikuwa na kitu hicho. Kwa hiyo sensa haijastaafu, imebadilishiwa kazi: zamani ilichagua kati ya giza na mwanga, sasa inachagua kati ya mwanga mdogo na mkubwa.

Saa yako ikienda nusu, huenda kioo chake hakijui kushuka hivyo, au sura uliyoiweka ina rangi nyingi. AMOLED kila nukta inajiwashia taa yake, nukta nyeusi imezimwa. Weka sura nyeusi yenye tarakimu nyembamba uone.

Kahawa Chungu

Na zile za LCD za bei poa? Nimeweka sura nyeusi miezi yote hii.

Waya Mwekundu

Kwenye LCD nyeusi haisaidii. Taa ya nyuma inawaka kioo kizima, nyeusi ni pazia tu mbele yake. Huko silaha zako ni mwangaza, muda wa kioo, na kupunguza mara kinapowaka bure.

Jirani, kwa maoni yangu ukiwa ofisini kutwa, kuonyesha daima ni anasa. Mtu anayesoma saa akiwa ameshika vitu mikono miwili, fundi, mpishi, dereva wa lori, huyo ana haki ya kulipia hiyo chaji.

Chuo Mwaka wa Pili

Wakuu, mimi ninayo LilyGO T-Watch 2020, natengenezea programu yangu mwenyewe kama mradi. Nimezima kioo kikamilifu, taa ya nyuma nimeikata, lakini betri inakwisha kwa masaa. Sensa ni hiyo BMA423 mliyoitaja. Naisoma kila milisekunde 50 kuangalia kama mkono umenyanyuliwa. Tatizo liko wapi?

Waya Mwekundu

Umeshajibu mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Hiyo saa inatumia prosesa ya ESP32, na ESP32 ikiwa macho inavuta makumi ya miliampea hata kioo kikiwa giza totoro. Ukisoma sensa kila milisekunde 50, umeinyima usingizi.

Acha kusoma. Iambie BMA423 itambue kuinamishwa na kuguswa mara mbili yenyewe, iko humo ndani tayari. Pini yake ya kuamsha imeunganishwa na pini 39 ya ESP32. Weka ESP32 ilale, na pini 39 ikipanda juu iamke. Kuna usingizi wa aina mbili: mwepesi unavuta miliampea 0.8 hivi na programu inaendelea ilipoishia. Mzito unavuta mikroampea 10 hivi, lakini ikiamka inaanza upya toka mwanzo, na utaona kioo kinachelewa. Kwa saa ya mkononi mimi ningeanza na mwepesi. Mtu akinyanyua mkono anataka kuona muda sasa hivi.

Kumbuka hizo ni namba za chipu pekee, ubao wenyewe una vitu vingine vinavyokula. Chipu ya umeme ya humo, AXP202, inakuruhusu kukata njia moja moja. Kata usizotumia.

Chuo Mwaka wa Pili

Nimefanya usingizi mwepesi. Inalala, nikiinamisha inaamka vizuri mara ya kwanza. Baada ya hapo hailali tena, kila nikiilaza inaamka papo hapo.

Msimbo Tu

Hujasoma rejista ya hali ya sensa, ile kumbukumbu ndogo ndani yake inayosema nini kimetokea, baada ya kuamka. Pini inabaki juu mpaka uisome, na ESP32 inaiona iko juu, inaamka tena. Soma ile rejista kwanza, hakikisha pini imeshuka, ndipo ulaze.

Volti Kumi

Na ukimaliza hilo, weka sharti la muda: kama imezima sekunde moja iliyopita, isiwake tena kwa mwendo. Mkono ukishuka huwa unarukaruka kidogo mwishoni, na mruko huo nao unaweza kusomwa kama kunyanyuliwa.

Boda wa Goba

Nimerudi. Nimeweka hali ya kutosumbuliwa kuanzia jioni. Abiria hawaulizi tena. Ila sasa hata meseji za wateja hazitetemeki, nimekosa safari mbili.

Waya Mwekundu

Hiyo umechagua kubwa kuliko unayohitaji. Kutosumbuliwa kunazima na mtetemo. Tafuta ya kioo pekee: kwenye sehemu ya mwangaza na kioo, zima "inua mkono" tu, uache taarifa zitetemeke. Baadhi ya saa zinakuruhusu kuiwekea saa za kuanza na kuisha hapohapo.

Nesi wa Zamu

Kugusa mara mbili kunafanya kazi na glavu kweli. Ila nikipiga makofi kumwamsha mtoto nayo inawaka.

Volti Kumi

Makofi mawili, ncha mbili kali. Piga matatu.

Chuo Mwaka wa Pili

Rejista ilikuwa ndiyo. Sasa inalala kila mara. Tatizo jipya: muda unapotea sekunde kadhaa kila asubuhi. Je, ni usingizi unaosababisha?

Waya Mwekundu

T-Watch ina chipu ya kutunza muda pembeni, PCF8563. Soma muda kutoka huko kila inapoamka, usitegemee hesabu ya ESP32. Likikushinda fungua uzi wake, tutakuja huko.